Kiwanja Kimoja, Milango Mingi: Sheria za Ujenzi Usambara, Kutoka Vugha Hadi Leo

Mwaka 1891, chini ya dola ya Ujerumani, zilipitishwa kanuni mbili za ujenzi katika miji miwili iliyotenganishwa na bahari. Kule Frankfurt, chini ya meya Franz Adickes, mji uligawanywa katika kanda, na kila kanda ikapewa urefu wa majengo yake na sehemu ya kiwanja inayoweza kujengwa. Dar es Salaam, iliyokuwa imefanywa makao makuu ya koloni mwaka huohuo, nayo ikapata kanuni yake. Huku kanda ziligawanywa kwa aina ya nyumba: upande mmoja majengo ya mtindo wa Ulaya, upande wa pili majengo mengine ya vifaa vya kudumu, na mbali zaidi vibanda vya wenyeji.

Tofauti hiyo ndiyo mzizi wa makala haya. Kule Ujerumani swali lilikuwa watu wangapi wanaweza kuishi mahali pamoja bila kukosa hewa na mwanga. Huku kwetu swali likawa ni nani anastahili kukaa wapi. Ukoloni uliondoka, lakini namna ile ya kuuliza ilibaki katika sheria zetu kwa miaka mingi, na mpaka leo inamkuta mtu wa Lushoto anayetaka kujenga vyumba vinne vya kupangisha nyuma ya nyumba ya baba yake.

Lushoto ni mahali pazuri pa kuitazama historia hii, kwa sababu milima haimruhusu mtu kukwepa hesabu ya ardhi. Dar es Salaam mji ukijaa, watu husogea Mbagala, Kimara, Chanika, na mji unaendelea kutambaa. Usambara hakuna pa kutambaa. Juu kuna msitu wa hifadhi, chini kuna genge, na katikati kuna shamba linalomlisha mtu. Kila nyumba inayoongezeka hula shamba la mtu au hukata ubavu wa mlima.

Kabla ya ramani

Krapf, mmisionari aliyefika Vugha mwaka 1848, na wasafiri Burton na Speke waliopanda huko mwaka 1857, walikuta mji mkubwa wa nyumba za msonge juu ya milima, makao ya Kimweri ye Nyumbai. Huyu alikuwa mtawala wa ukoo wa Wakilindi, uzao wa Mbegha, na utawala wake ulifika mpaka pwani. Habari za ukoo huo tunazo kwa Kiswahili, zimeandikwa na Abdallah bin Hemedi al-Ajjemy katika kitabu chake *Habari za Wakilindi*, mojawapo ya hazina kubwa za historia katika lugha yetu.

Ramani ya viwanja haikuwepo Vugha, lakini utaratibu ulikuwepo. Wasambaa walijenga juu ya migongo ya milima, wakaizungushia nyumba zao migomba, na mabonde wakayaacha kwa maji na kilimo. Boma la mwenye wake wengi lilikuwa na nyumba kadhaa, kila mke na mlango wake, na watoto wa kiume walipooa walijenga karibu. Ukoo ulikaa pamoja. Kwa hesabu ya leo tungesema kiwanja kimoja kilibeba kaya tatu, nne au zaidi, na hakuna aliyeona ajabu.

Mambo mawili katika utaratibu ule yanastahili kukumbukwa. La kwanza, idadi ya kaya haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa mahali: mgongo wa mlima ulifaa, bonde la maji halikufaa. La pili, mtawala alipimwa kwa hali ya nchi. Wasambaa walisema mtawala huweza kuiponya nchi au kuiharibu, na mvua, njaa na ugomvi vilihesabiwa juu yake. Mamlaka juu ya ardhi ilikuwa na wajibu ndani yake. Sheria zilizofuata zilichukua mamlaka hiyo na kuuacha wajibu.

Wilhelmstal

Wajerumani waliipenda milima ya Usambara kwa sababu ya baridi yake. Amri ya kifalme ya Novemba 1895 ilitangaza kwamba ardhi isiyothibitika kuwa na mwenyewe ni mali ya dola, na kwa Msambaa aliyepumzisha shamba lake kwa misimu kadhaa, kuthibitisha hakukuwa jambo jepesi. Misitu ikawekewa mipaka, mashamba makubwa yakapimwa kwa walowezi. Mwishoni mwa karne ya 19 makao ya wilaya yakajengwa katika bonde lililo kwenye mwinuko wa takribani mita 1,400, nayo yakapewa jina la mfalme wao: Wilhelmstal. Hapo ndipo Lushoto ya leo.

Daktari Robert Koch, aliyekuwa Afrika Mashariki mwaka 1897 na 1898, alipanda Usambara kuchunguza malaria. Sayansi ya wakati huo ilihusisha afya ya Mzungu na umbali wake kutoka kwa Mwafrika, na wazo hilo likapenya katika mipango ya miji ya makoloni mengi. Kuwatenga watu kukapewa jina la usafi. Reli kutoka Tanga ilipofika Mombo mwaka 1905, mlima ukawa karibu: mtumishi wa serikali aliyechoshwa na joto la pwani aliweza kushuka kwenye treni na kupanda kilomita 30 na ushei mpaka kwenye baridi. Wilhelmstal ikawa mji wa mapumziko, wenye nyumba zilizotawanyika ndani ya bustani pana. Nyumba moja, familia moja, uwanja mkubwa kila upande: ndiyo sura waliyoiita mji mzuri, na ndiyo sura iliyorithiwa na wapangaji wa miji waliofuata.

Kwa Waafrika, sheria ya kwanza iliyogusa nyumba zao kwa nguvu ilikuwa kodi. Kodi ya kibanda ilitangazwa mwaka 1897 na kuanza kukusanywa mwaka uliofuata, rupia 3 kwa nyumba ya shamba. Waliotozwa walitumia akili: kama kila paa lina kodi, punguza mapaa. Watu wakabanana katika nyumba chache. Kwa hiyo msongamano uliolaumiwa baadaye kuwa ni tabia ya wenyeji ulikuwa pia jibu la watu kwa sheria mbaya. Huo ni mfano wa mapema wa jambo litakalojirudia katika simulizi hii: sheria huunda sura ya nyumba, kisha huwalaumu wakaaji kwa sura hiyo.

Kanda tatu na matuta

Waingereza walichukua nchi mwaka 1916, na jina la Lushoto likarudi. Sheria ya Ardhi ya 1923 iliweka karibu ardhi yote mikononi mwa gavana, na mwenye kupewa hati akawa anamiliki haki ya kuitumia tu. Katika miji, kanda za Wajerumani ziliendelea kwa sura mpya. Karibu kila mji wa Tanganyika ulipata Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na kila sehemu ilikuwa na ukubwa wake wa kiwanja na masharti yake ya ujenzi. Uzunguni viwanja vilikuwa vikubwa na nyumba moja katikati. Uhindini majengo yaligusana, duka chini na makazi juu. Uswahilini viwanja vilikuwa vidogo, na vifaa vya bei nafuu vilikubaliwa kwa kuwa havikutarajiwa kudumu.

Baada ya vita vya pili vya dunia, maneno ya rangi yaliondolewa kwenye michoro na mahali pake pakaingia maneno ya ujazo: ujazo wa chini, ujazo wa kati, ujazo wa juu. Sheria ya Mipango Miji ya 1956 ilijengwa juu ya msingi huo. Mipaka ilibaki palepale. Aliyekuwa Uzunguni akawa katika ujazo wa chini, na wa Uswahilini akawa katika ujazo wa juu.

Nje ya miji, milima ya Usambara ilipata somo lake kuhusu sheria na ardhi. Mwaka 1946 serikali ilianza mradi wa kuokoa udongo katika bonde la Mlalo, kisha ikaupanua hadi sehemu nyingine za Usambara. Kila mkulima alitakiwa kutengeneza matuta katika shamba lake la mteremko, na asiyefanya alitozwa faini. Wataalamu walikuwa sahihi kwamba udongo ulikuwa unakwenda na maji. Kosa lao lilikuwa kutunga sheria moja kwa kila mteremko, kuhesabu kazi ya watu kama haina thamani, na kuwatumia machifu kama polisi wa matuta. Upinzani ulikua mwaka hata mwaka, chama cha TANU kikapata wafuasi wengi milimani, na kufikia mwisho wa miaka ya 1950 mradi ulikuwa umekufa.

Udongo haukuacha kuporomoka kwa sababu siasa zimeshinda. Kuanzia 1981 mradi mwingine wa Tanzania na Ujerumani, SECAP, ulirudi Lushoto kwa njia tofauti: makingamaji yaliyopandwa majani ya guatemala, miti, na ng'ombe wa maziwa wanaolishwa zizini kwa majani hayohayo. Mkulima aliyepanda majani alipata chakula cha ng'ombe na kinga ya shamba kwa kazi moja. Waliokataa tuta la faini wengi walilipokea tuta lenye faida. Kwa maoni yangu, kila afisa wa mipango miji anayepangiwa Lushoto angefaa kusoma historia hiyo kabla ya kufungua ramani yoyote.

Nyumba ya Kiswahili na ghorofa za Mlalo

Wakati sheria ikizungumza juu ya nyumba moja ya familia moja, watu walijenga nyumba nyingine kabisa. Nyumba ya Kiswahili, kama ilivyosambaa kutoka pwani mpaka Tabora na Ujiji, ina mlango wa mbele wenye baraza, ukumbi mrefu unaopita katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na uani wenye jiko, choo na banda. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja au viwili, na vilivyobaki hupangishwa. Akizeeka, kodi ya pango ndiyo pensheni yake. Mtoto akioa hupewa chumba. Mgeni kutoka kijijini hulala uani. Mapato yakipatikana, banda la uani huongezwa vyumba viwili, kisha vitatu.

Nyumba hii imebeba miji yetu. Ndiyo iliyompokea kuli wa bandari, karani wa reli, mwalimu aliyehamishwa na mwanafunzi aliyekosa bweni. Haikumlazimu mwenye nyumba kuchukua mkopo wa benki, kwa kuwa ilijengwa chumba kwa chumba. Ni makazi ya kaya nyingi kwenye kiwanja kidogo, yaliyobuniwa hapa hapa kwa akili ya hapa. Hata hivyo michoro rasmi iliihesabu kama nyumba moja, ikaipimia maji, choo na taka za nyumba moja, kisha ikashangaa vyoo vinapofurika.

Milimani nyumba hiyo ilikutana na tatizo la mteremko, na Mlalo walipata jibu. Atakayepanda kutoka Lushoto, akapita Magamba na Lukozi mpaka Mlalo, ataona nyumba za ghorofa moja zilizojengwa kwa udongo na miti, zenye roshani za mbao zilizochongwa, zikiwa zimesimama karibu karibu juu ya mji. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi, lakini Mlalo vilikutana vyote viwili. Mafundi wake walielewa kwamba mahali ambapo ardhi tambarare ni haba, nyumba huongezwa kwenda juu.

Nyumba hizo zingeweza kuwa mwanzo wa mtindo wa ujenzi wa Usambara nzima. Hilo halikutokea, kwa kuwa macho ya sheria hayakuziona. Udongo haukuwa kifaa cha kudumu katika vitabu vya kanuni. Ghorofa ilihitaji mchoro wa mhandisi. Kijana aliyetaka kujenga mjini Lushoto alielekezwa kwenye nyumba ya chini, pana, ya tofali za saruji na paa la bati, iliyochorwa kwa ajili ya kiwanja cha tambarare.

Uhuru na urithi wake

Serikali huru ilikuwa na nia njema juu ya makazi, na ilianza haraka. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962 na kupewa kazi ya kuondoa mabanda duni na kujenga nyumba za bei nafuu. Mwaka 1963 umiliki wa moja kwa moja wa ardhi ulifutwa, ardhi ikawa ya umma kwa haki ya kukodi. Katika miaka ya 1970, kwa fedha za Benki ya Dunia, vilipimwa viwanja vyenye huduma katika maeneo ya Dar es Salaam kama Sinza na Kijitonyama, na mitaa kama Manzese ikaboreshwa badala ya kubomolewa.

Lakini mwaka 1971 ilitungwa sheria iliyobadilisha mawazo ya wajenzi kwa kizazi kizima. Majengo ya thamani ya shilingi 100,000 na zaidi ambayo mwenyewe hakuyakalia yote yalitaifishwa. Lengo lilikuwa kuvunja nguvu ya mabepari wachache waliomiliki majengo ya kupangisha mijini, na katika mazingira ya Azimio la Arusha lilieleweka. Fundisho lililobaki kwa mwananchi wa kawaida lilikuwa jingine: usijenge nyumba kubwa ya kupangisha. Jenga ndogo, kaa mwenyewe, ongeza chumba kimoja kimoja kimyakimya. Mji wa vyumba vya uani ulikua kwa hofu hiyo pia.

Sheria ya 1956 ilidumu hata baada ya uhuru kwa zaidi ya miaka 40, mpaka ilipochukuliwa nafasi yake na Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Kwa muda mrefu kiwanja kidogo kabisa kilichokubalika rasmi kilikuwa cha mita za mraba 400, na cha ujazo wa chini kiliweza kufika 4,000. Baadaye viwango vililegezwa. Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995 ilikwisha kusema wazi kwamba miji ipunguze ukubwa wa viwanja na ijenge kwenda juu. Mwaka 2008 ilitungwa sheria inayowezesha watu kumiliki sehemu za jengo moja, kila mmoja na hati yake. Kwa maandishi, basi, mlango umefunguliwa. Kwa vitendo, anayeupitia ni mwenye mtaji wa maghorofa ya Upanga na Masaki. Wa Lushoto hajapata faida yake.

Fikiria jambo la kawaida katika mji mdogo kama huu. Mzee ana kiwanja cha mita za mraba 500 na nyumba ya vyumba sita. Anafariki, anaacha watoto wanne. Hawawezi kukigawa, kwa sababu kila kipande kitakuwa chini ya kiwango. Hawataki kukiuza, kwa sababu ni kwa baba. Wangeweza kujenga jengo la ghorofa moja lenye makazi manne, kila mmoja na mlango wake, lakini hati inasema makazi, nyumba moja. Kubadilisha masharti kunahitaji mchoro mpya, ada, kikao na miezi ya kusubiri. Kwa hiyo mmoja anaongeza banda uani, wa pili anasogea ukutani kwa jirani, wa tatu anakata mlima nyuma ya choo. Siku moja wanakuta alama ya X nyekundu ukutani. Sheria iliyotaka utaratibu imezaa vurugu kwa mkono wake yenyewe.

Mahitaji nayo hayasubiri. Sensa ya 2002 ilihesabu watu zaidi ya 418,000 katika wilaya ya Lushoto, na ile ya 2012, kabla hesabu za halmashauri ya Bumbuli hazijatengwa, zaidi ya 490,000. Chuo cha Uongozi wa Mahakama kilichopo mjini Lushoto huleta wanafunzi wanaotafuta vyumba. Biashara ya mboga na matunda inakuza Soni na Lukozi. Huko kwenye vituo vya biashara vinavyokua, ardhi nyingi ilianza kama ya kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na nyumba za kupangisha na fremu za maduka huinuka barabarani kabla hajafika mpimaji.

Hesabu ya mteremko

Hapa ndipo kanuni za tambarare zinapogongana na mlima, na hesabu yake mtu yeyote anaweza kuifanya kwa kamba na rula. Chukua mteremko wa kawaida wa milimani, unaopanda mita 1 kwa kila mita 4. Nyumba ya chini, yenye kina cha mita 12 kuingia mlimani, inahitaji jukwaa tambarare la mita 12. Kati ya ukingo wa juu na wa chini wa jukwaa hilo kuna tofauti ya mita 3. Fundi atakata mita moja na nusu upande wa juu, na udongo huo ataumwaga upande wa chini kujaza mita moja na nusu nyingine. Nusu ya nyumba imekaa juu ya ardhi imara, na nusu juu ya kifusi.

Sasa weka vyumba vilevile katika ghorofa moja, kina cha mita 6. Tofauti inapungua hadi mita 1 na nusu. Ukitaka, kata yote upande wa juu na uijengee ukuta wa mawe, na nyumba nzima ikae kwenye ardhi ambayo haijawahi kuguswa. Paa limepungua nusu, kwa hiyo maji ya mvua yanayomwagika kwa jirani wa chini yamepungua nusu. Sehemu iliyobaki ya kiwanja inabaki na migomba na majani yanayoshika udongo.

Masika na vuli huhukumu kati ya nyumba hizo mbili. Ukingo uliokatwa wima bila ukuta hulowa, hulegea na kushuka. Kifusi kisichoshindiliwa hukaa chini na kupasua kuta. Maji ya mapaa kumi yasiyo na mfereji hukusanyika na kuchimba korongo. Barabara ya Mombo kwenda Lushoto inayajua maporomoko hayo vizuri. Kanuni inayozuia ghorofa kwa jina la usalama, huku ikiruhusu jukwaa la mita 12 kukatwa popote, imelinda mahali pasipo na hatari na kuacha mlango wa hatari wazi.

Hesabu ya pili ni ya maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ni sheria nzuri, na Wasambaa wa kale wasingeibishia. Lakini mita 60 kila upande ni ukanda wa mita 120, na mabonde mengi ya Usambara yana sehemu tambarare nyembamba kuliko hapo. Tukiilinda mito kama inavyotakiwa, na misitu ya Magamba na Shagayu kama inavyotakiwa, ardhi salama ya kujenga inayobaki ni kidogo. Kidogo hicho hakitoshi kwa nyumba moja kila kiwanja. Anayetaka kulinda chanzo cha maji hana budi kukubali milango mingi kwenye kiwanja salama.

Wengine wamekwisha kugeuka

Hata walioushikilia sana mtindo wa nyumba moja kwa familia moja wameanza kuuacha. Kule Marekani, mwaka 1926, Mahakama ya Juu katika kesi ya mji wa Euclid ilihalalisha kutenga mitaa ya nyumba za familia moja, na majengo ya kupangisha yakaelezwa kama kimelea katika mtaa. Karibu karne moja baadaye, mwaka 2018, baraza la Minneapolis lilipitisha mpango unaoruhusu hadi makazi matatu katika kiwanja ambacho zamani kilikuwa cha nyumba moja, na mwaka 2019 jimbo la Oregon likapitisha sheria ya mwelekeo huo. Auckland, New Zealand, ilifungua sehemu kubwa ya mitaa yake mwaka 2016. Sababu walizozitaja tunazijua: kodi kubwa za pango, vijana wasio na pa kukaa, na miji inayokula mashamba.

Haitupasi kuiga Minneapolis. Tuliyokuwa nayo Uswahilini tangu zamani ndiyo wanayoyatafuta sasa. Linalotupasa ni kuacha kuyaona yetu kama aibu ya kuficha nyuma ya ukuta wa mbele.

Wapo wenye hofu, na hofu yao ni ya haki. Machi 2013 jengo la ghorofa nyingi lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu zaidi ya 30. Novemba 2024 jengo jingine likaporomoka Kariakoo na kuua watu. Majirani wa Lushoto wanauliza: tukiruhusu ghorofa, nani atazikagua? Vyoo vitajaa, maji yatapungua, kelele zitaongezeka. Jibu ni kwamba ghorofa moja ya makazi manne si jengo la ghorofa nyingi la Kariakoo, na kibali kinachopatikana humleta mkaguzi, ilhali kibali kisichopatikana humfukuza. Nyumba zinazojengwa usiku ndizo zisizokaguliwa na mtu. Vyoo na maji navyo hupangwa vizuri pale idadi ya kweli ya kaya inapoandikwa kwenye kibali, badala ya kufichwa.

Kanuni ninayoiombea Lushoto

Kwa zaidi ya miaka 130, kanuni za ujenzi katika nchi hii zimeanza na swali la nani na wangapi. Usambara inatuelekeza kwenye swali la wapi na vipi, lile ambalo wajenzi wa Vugha walikuwa nalo kabla ya ramani yoyote. Sheria ya 2007 inaziruhusu mamlaka za miji kuandaa mipango ya kina ya maeneo yao, na Mamlaka ya Mji Mdogo wa Lushoto pamoja na halmashauri za Lushoto na Bumbuli zinaweza kuanza hapo bila kusubiri sheria mpya kutoka Dodoma.

Mpango huo uanze kwa kupima mteremko na njia za maji. Penye mteremko mkali na kwenye kingo za mito, pasijengwe kitu, na aliyekwisha kujenga apewe kiwanja mbadala kabla ya kupakwa rangi nyekundu. Penye ardhi salama, kila kiwanja kiruhusiwe nyumba ya ghorofa moja yenye makazi hadi manne kwa kibali cha kawaida, bila kubadilisha matumizi ya ardhi. Masharti yawe machache na yanayoonekana kwa macho: kina cha mkato, ukuta wa mawe, mfereji wa maji ya paa, choo kinacholingana na idadi ya wakaaji. Halmashauri ichapishe michoro michache iliyokwisha kupitishwa na mhandisi, mmojawapo ukifuata nyumba za Mlalo, ili fundi wa kitongoji asilazimike kulipia mchoro kila mara. Na udongo ulioshindiliwa kitaalamu ukubaliwe kuwa ni kifaa halali cha ujenzi.

Somo la matuta linabaki mezani. Mwaka 1946 wataalamu walikuwa na hoja nzuri na sheria mbaya, wakashindwa. SECAP ilikuwa na hoja ileile na njia iliyomfaidi mkulima, ikapokelewa. Madiwani wa Lushoto na Bumbuli, wenyeviti wa vitongoji, mafundi na wenye viwanja: kaeni pamoja muandike kanuni ambayo mwananchi ataifuata kwa sababu inamfaa. Msiwaache watoto wa Usambara wachague kati ya kuvunja sheria na kuukata mlima.